Kutu ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika chumba cha kushonea cha hospitali kubwa, dirisha la pili kutoka mlangoni, akipinda mashuka, mapazia na makoti ya madaktari, na hakuna pindo lake hata moja lililowahi kurudishwa. Aliyetaka kubisha angekwenda kuuliza. Kwa kazi hiyo, ncha za vidole vyake zilichomwa na sindano mpaka zikafa. Aliweza kushika mfuniko wa sufuria ya moto bila kujua, mpaka mtu amwambie, "Mama, unaungua!"

Mumewe alikuwa karani wa bohari, mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache kama mtu anayeyanunua. Alikuwa na gari jeupe la milango minne, alilolipata likiwa tayari limechoka, na akakaa nalo miaka ishirini na mitatu. Jambo moja tu alijisifu nalo maishani. Akikaa na wenzake, wao wakitaja watoto waliosoma na nyumba walizojenga, yeye husema, "Gari langu halijawahi kufungwa kamba." Maana yake halijawahi kuvutwa. Siku zote lilitoka lenyewe na kurudi lenyewe.

Kila Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa analiosha. Anaanzia paa, anashuka milango, anamalizia matairi kwa mpira wa maji, maji yakifoka ndani ya rimu. Akimaliza, hata kabla hajabadilisha suruali iliyolowa, anaingia na kuondoka. Anakwenda hadi njia panda, anapita shule, anateremka mteremko wa tangi la maji akikanyaga breki na kuachia, akikanyaga na kuachia, gari likiinamisha pua kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Majirani walicheka. "Mzee katoka kulitembeza!" Akirudi anazunguka gari lake, na kila tairi analigusa katikati kwa mgongo wa mkono, kidogo tu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hivi umenioa mimi au umeoa gari?" Mama Pindo alimwuliza siku moja.

"Wewe hushiki kutu," mumewe akajibu, akaenda kubadilisha suruali.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa maelezo. Mama Pindo aliamini kwamba ule mzunguko ni maringo, mzee anataka kuonekana na gari linalong'aa, na kwa kuwa maringo yake yalikuwa hayo tu, alimwachia.

Mara ya mwisho gari kutoka, aliyeendesha ni yeye Mama Pindo. Leseni alikuwa nayo, tena ya siku nyingi. Alimpeleka mumewe hospitali ile ile alikoshona, akarudi peke yake siku ya tatu, akaliegesha uani mahali pake chini ya dirisha la jikoni, akazima, akatundika ufunguo kwenye msumari. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaondoka. Yeye hakulia. Wengine wakasema ana roho ngumu. Haikuwa ngumu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini si wako.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi aliamka saa moja akakuta mikono yake imeshashika ndoo. Akaliosha gari. Akaanzia paa, akashuka milango, akamalizia matairi kwa mpira wa maji, akihakikisha maji yanafoka ndani ya rimu kama yalivyokuwa yanafoka. Jumamosi ya pili vile vile. Hakusema ni kwa nini, na nafsini mwake hakujiuliza. Ulikuwa mwaka na miezi miwili sasa, na hakuwahi kuruka hata moja, mvua ikinyesha au isinyeshe.

"Hilo gari linaoga kuliko wanangu," alisema jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye watoto watano na ulimi wa kuwatosha kumi. "Shoga, na mimi niingize kwenye ratiba basi."

"Wewe una miguu, nenda bafuni," Mama Pindo akamjibu, uso haujacheka wala haujanuna.

Sasa mwenye nyumba akaja na habari ya bomba. Bomba la maji taka linapita chini ya ua, limepasuka, na wachimbaji wanakuja Jumatatu. Gari liondoke. Kama linatembea, lilale nje kando ya ukuta, hana neno. Kama halitembei, asilione.

Shemeji, mdogo wake marehemu, akaja Jumatano na betri mpya. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na alimheshimu sana mke wa kaka yake, ila alimheshimu huku akiangalia saa. Akafunga betri, akawasha. Injini ikaitika mara ya pili, ikanguruma vizuri kabisa. Akatia gia. Gari likatetemeka, likachuchumaa, injini ikazima. Akarudia. Likachuchumaa, likazima. Akajaribu kurudi nyuma, nyuma nako likakataa, kama punda aliyeona nyoka.

Akashuka, akapangusa mikono. "Shemeji, hili limekufa."

"Mbona linanguruma?"

"Linanguruma lakini haliendi. Gari ambalo haliendi ni kabati." Akamwangalia kwa huruma. "Usijali, ninamjua mtu wa chuma chakavu. Ana lori. Jumamosi saa sita atakuja, tutalifunga kamba, tutaliburuta mpaka barabarani, wataliinua. Hutasumbuka na kitu. Sawa?"

Mama Pindo alisema sawa. Siku hizo kila kitu alikiitikia sawa. Akamsindikiza shemeji mpaka getini, akarudi jikoni, akabandika maji ya chai. Maji yakachemka, yakaendelea kuchemka, na yeye amesimama dirishani anaangalia paa jeupe la gari. Neno moja ndilo lililokuwa limemkwama, si kifo wala chuma chakavu. *Tutaliburuta.*

Hakuhisi uchungu. Alitafuta uchungu, hakuuona. Aliona tu kwamba jambo hilo haliwezekani, kama vile haiwezekani kumtolea daktari koti lenye pindo lililofumuka. Akazima jiko, akajifunga khanga, akaenda kwa fundi breki.

Fundi breki alikuwa na banda la mabati mtaa wa nyuma, na watu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku banda la jirani yake liliposhika moto. Alikuwa wa miaka hamsini hivi, tumbo mbele, miwani imefungwa kwa waya. Alikuja Ijumaa asubuhi na begi lake la spana, akalizunguka gari mara mbili bila kuligusa. Kisha akapiga magoti kwa shida, akachungulia ndani ya rimu ya mbele.

"Mama," akasema kutoka kule chini, "hili gari mnalifuga baharini?"

"Baharini wapi? Limekaa hapo hapo."

"Lina matope?"

"Matope yatoke wapi? Ninaliosha."

"Uliliosha lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi."

"Na kabla ya hapo?"

"Jumamosi."

"Na kabla ya hiyo?"

"Unataka kalenda, mwanangu?"

Taratibu akakaa kitako chini, akavua miwani. "Na ukishaliosha, unaliendesha?"

"Ninaliendesha niende wapi?"

Taratibu alipandisha gari kwa jeki, akaweka mawe nyuma ya matairi mengine, akafungua nati, akavuta tairi la mbele la kulia likatoka. Mama Pindo akainama kuangalia. Kwenye chumba cha kushonea aliwahi kuona sindano zilizosahauliwa kwenye bati lenye unyevu, lakini hakuwahi kuona kutu ya namna hii. Ilikuwa imevimba, imepasuka magamba, nyekundu kwa juu na nyeusi kwa chini, kama ukoko wa mkate ulioungua.

"Hii sahani ndiyo diski," Taratibu akaeleza, akigonga kwa bisibisi. "Inazunguka na tairi. Na hiki kidude kilichoikumbatia ndiyo kalipa. Kichukulie kama kiganja. Ukikanyaga breki kiganja kinafumba, kinaibana diski kwa hizi pedi. Ukiachia, kinafumbua. Sasa chako kimefumba, kikashika kutu, kikakataa kufumbua. Na upande wa pili hivyo hivyo, nina hakika."

"Kwa sababu limekaa."

Taratibu alisita. Alikuwa mtu wa utani, lakini si mkatili. "Magari mengi hukaa, mama. Hayawi hivi. Hili limekaa likinyweshwa maji. Chuma cha breki ukikilowesha lazima ukikaushe, na hakikauki kwa kitambaa. Kinakauka kwa kutembea. Unatoka kidogo, unakanyaga breki, unaachia, zinapata moto, maji yanaruka. Mzee hakukwambia?"

Mama Pindo akasimama wima. Aliuona mteremko wa tangi la maji na gari likiinamisha pua. Aliiona suruali iliyolowa. Akaanza kuhesabu Jumamosi, akafika sitini na moja, na zote sitini na moja alikuwa amechukua nusu ya kazi ya mumewe na kuiacha nusu nyingine, ile aliyoiita maringo. Akangoja imuume. Haikuuma. Kilichokuja ni ile hali ya kuona pindo lililopinda na kujua ni lako.

"Hakuwa msemaji," akasema. "Linafunguka au halifunguki?"

"Kutu haina mkataba na mtu. Tutajaribu."

"Kesho saa sita linakuja lori."

"Basi lori lije taratibu," fundi akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yake.

Alipulizia boliti mafuta ya kulegeza kutu, akangoja. Akapulizia tena, akangoja tena, akinywa chai ya Mama Pindo. Kisha akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, si kwa nguvu, ila kwa kurudiarudia, kama mtu anayebisha hodi kwa mtu anayejua yumo. Boliti ya kwanza ikalia, ikazunguka. Ya pili ikamgharimu saa nzima na maneno ambayo alimwomba Mama Pindo asiyasikie. Kalipa ilipong'oka, pedi hazikung'oka nayo. Zilikuwa zimegandamana na diski. Akazibandua kwa patasi. Mahali pedi ilipokuwa palibaki alama, umbo lake kamili limechorwa kwa kutu.

"Kama pasi iliyosahauliwa juu ya shuka," Mama Pindo akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo. Sasa hapa ni kusugua tu, mama. Nenda kapumzike."

Hakwenda. Alileta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono. Taratibu akautazama mkono ule mwembamba, akaweka humo brashi ya waya na mojawapo ya pini mbili ambazo kalipa hutelezea. Pini ilikuwa nene kama kidole, imejaa magamba. Mama Pindo akasugua. Alisugua kwa brashi, kisha kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, akiizungusha na kuielekeza kwenye mwanga kama anavyotazama tundu la sindano. Vumbi jekundu likamjaa mapajani. Alipomrudishia, fundi aliigeuza mara tatu akitafuta kasoro.

"Lo! Hii hata ilipotoka kiwandani haikuwa hivi. Mama, ukitaka kazi kwangu ipo."

"Kwako kunanuka. Lete nyingine."

Alisugua zote nne, mbili za kila upande. Alisugua na zile njia ambamo pedi hukaa, akitumia tupa ndogo ya fundi na subira yake mwenyewe. Ilipofika wakati wa kupaka, aliingia ndani akarudi na kichupa cha mafuta ya cherehani, safi, ya kulainisha.

"Hapana, mama, hayo weka." Taratibu akainua mkono kama askari wa barabarani. "Hayo kwa cherehani ni dawa. Hapa kuna mipira midogo ndani. Ikinywa mafuta hayo itavimba, kiganja kitafumba tena. Breki zina grisi yake." Akatoa kikopo, akapaka kidogo kidogo, kwa ncha ya kidole.

Upande wa kushoto walimaliza Jumamosi saa nne asubuhi. Huko habari haikuwa nzuri sana. Pistoni, ile inayosukuma pedi, ilikuwa na vidonda viwili vya kutu ubavuni. Taratibu aliisugua kwa msasa wa maji mpaka ikalainika, akaifunga mpira mpya, akaijaza mafuta ya breki mapya, lakini akatikisa kichwa.

"Sikudanganyi. Hii inaweza kukubali, inaweza kukataa. Ikikataa, itashika na haitaachia. Utaona gari linavuta kushoto, na tairi lile litakuwa moto kuliko mwenzake. Ikiwa hivyo, usibishane nalo. Kalipa nyingine ya gari la umri huu nitaitafuta mwezi mzima, na wachimbaji wako hawangoji mwezi."

"Nitajuaje kama ni moto kuliko mwenzake?"

"Unashika tu. Katikati hapa. Ila si kwa kiganja, utaungua. Kwa mgongo wa mkono."

Mama Pindo alikwenda kwenye msumari akachukua ufunguo.

Fundi alilitoa kwanza yeye, akalipeleka mbele na nyuma mle uani, hatua kumi kumi. Lilitoka likipiga kelele kama mlango wa ghala, lakini lilitoka. Jirani wa mlango wa pili akaacha kufua, akasimama na povu mikononi, akapiga kigelegele kimoja, akakikatiza mwenyewe alipoona uso wa Mama Pindo. Kisha Taratibu akahamia kiti cha abiria, akafunga mkanda.

"Nakuamini, mama, lakini mkanda nafunga."

Mama Pindo alishika usukani, akatoa gari getini. Mikono yake ilikumbuka, miguu ikakumbuka polepole zaidi. Akaenda hadi njia panda. Akapita shule, tupu siku hiyo. Kila alipokanyaga breki, zilikwaruza, kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayekwangua sufuria.

"Hiyo ni kutu ya juu ya diski inaisha," Taratibu akasema. "Wacha ikwaruze."

Kwenye mteremko wa tangi la maji alikanyaga na kuachia. Gari likainamisha pua. Akakanyaga na kuachia. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akageuka kutazama, akacheka kidogo, na Mama Pindo akamwona anacheka. Mara ya tano kelele zilipungua. Mara ya nane akasikia upepo dirishani na breki hazisemi kitu. Usukani ulikuwa umetulia mikononi, au alidhani umetulia. Hakuwa na hakika. Ilikuwa muda mrefu tangu awe na hakika na kitu alichokishika.

Walipokata kona ya kwao, lori lilikuwa limeshafika. Limesimama mbele ya geti, kubwa, la kijani lililopauka. Dereva amekaa kwenye ngazi yake anakula karanga, na shemeji amesimama barabarani na kamba nene begani. Alipoona gari jeupe linakuja lenyewe, mdomo ukabaki wazi.

Mama Pindo aliliegesha kando ya ukuta, nje, akazima, akashuka.

"Shemeji!" mdogo wa marehemu akasema. "Limefufuka?"

"Ngoja kwanza," akasema yeye.

Akaenda upande wa kulia, akainama, akagusa katikati ya tairi kwa ncha za vidole. Hakusikia kitu. Akazunguka mbele, akagusa la kushoto. Hakusikia kitu. Vidole vile vilikuwa vimekufa tangu enzi za mashuka, na yeye alikuwa amesahau. Akamtazama fundi. Taratibu alikuwa ameshuka na angeweza kuyagusa yeye mwenyewe mara moja, yakaisha. Alikunja mikono juu ya tumbo lake, akangoja.

Mama Pindo akageuza mkono. Akarudi kulia, akaweka mgongo wa mkono. Kulikuwa na joto, joto la chai iliyosahauliwa kidogo. Akazunguka tena. Shemeji, dereva wa lori na jirani aliyetokea getini na povu lake, wote wakamtazama bila kujua anatafuta nini. Akaweka mgongo wa mkono kushoto. Akakaa hivyo. Akarudi kulia kuhakikisha, kama anavyopima pindo mara mbili, kisha kushoto tena.

"Yako sawa," akasema.

Taratibu akagusa yote mawili, akaitikia kwa kichwa. "Yako sawa. Leo yako sawa. Wiki ijayo uyapime tena, na wiki nyingine tena."

"Jumamosi," akasema Mama Pindo.

Shemeji akaishusha kamba begani. Hakujua aiweke wapi, akaanza kuizungusha kwenye kiwiko kuikunja, akijiona mjinga kidogo. "Sasa mtu wa watu nimemleta toka mbali..."

"Mpe chai. Ipo jikoni. Mwambie shemeji yako anasema gari la kaka yako halifungwi kamba."

"Nimekusikia, mama, sina shida," dereva wa lori akasema kutoka kwenye ngazi yake. "Chai yenyewe ina sukari?"

"Na leo hujaliosha!" jirani akapaza sauti. "Saa moja imepita, saa sita imefika, gari chafu! Dunia inakwisha!"

"Wiki ijayo nitaliosha," Mama Pindo akamjibu. "Kisha nitalitembeza. Uje ucheke."

Walianza kuingia uani mmoja mmoja, shemeji mbele na kamba yake, wakibishana kuhusu sukari. Fundi alikusanya spana, akafunga begi, akageuka. Mama Pindo alikuwa bado ameinama pale pale upande wa kushoto, mgongo wa mkono juu ya chuma.

"Mama, limeshajulikana hilo," akasema kwa upole. "Ni zima."

"Najua," akasema yeye, lakini mkono hakuuondoa mpaka chuma kilipoanza kupoa.